Kaunta ya Dada

Shemeji yangu ana tabia moja ya kuudhi: hawezi kuingia jikoni kwa mtu bila kupapasa kaunta. Umemkaribisha chai, yeye anapitisha kiganja juu ya jiwe, anainama kulitazama kwa upande kwenye mwanga wa dirisha, halafu anakuuliza huwa unalisugua na nini. Mtaani wanamwita Daktari. Mimi nilimwita mbea wa mawe, na kwa kuwa ni mume wa dada yangu mkubwa, nilikuwa na haki zote za kumwita nipendavyo.

Kazi yake ni kufunga na kutunza kaunta za graniti. Akifika kwa mteja anadondosha matone ya maji juu ya jiwe, kisha anatazama saa. Dakika kumi zikipita na matone bado yamesimama, jiwe halina shida. Yakizama na kuacha weusi, jiwe lina kiu, na lazima lipakwe dawa ya kuziba vitundu vyake kabla halijanywa mafuta ya kupikia.

"Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, basi," huwaambia. "Siki hapana. Limau hapana. Na ule waya wa kusugulia sufuria, mama, nikiukuta hapa tutakosana."

Kaunta ya dada aliifunga mwenyewe, miaka kumi na tisa iliyopita, kwa jiwe ambalo mteja mmoja alilikataa akisema lina madoadoa mno. Lilikuwa la kijivu, limejaa vitone vyeupe na vyeusi. Dada alilipenda mpaka akatuchosha. Ukiweka sufuria ya moto bila kitambaa chini yake, ulisemwa hadi unajuta kuja.

Halafu dada akaanza kusahau. Mwanzoni tulicheka naye: chumvi mara mbili, funguo ndani ya friji. Daktari wa kweli, yule wa hospitali, alipotueleza ni ugonjwa gani na kwamba hautarudi nyuma, tukaacha kucheka. Nilikasirika. Mpaka leo nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Siku moja nilimkuta amesimama kwenye kaunta anachambua mchele. Kidole kinadonoa, kinasukuma kando, kinarudi. Nikasogea nimsaidie. Hapakuwa na mchele. Alikuwa anachambua vile vitone vya jiwe.

"Mchele huu una mawe mengi," aliniambia. "Sijui wameutoa wapi."

Vitone vilipokataa kutoka, aliamua kuwa ni uchafu. Akachukua limau, akachukua waya, akasugua asubuhi mpaka mchana, na ule mng'ao wa miaka yote ukaondoka. Jumapili shemeji alitoa mashine yake, akalipitia jiwe kwa pedi ya msasa mkali na maji, kisha laini, kisha laini zaidi, akalikausha, akalipaka dawa. Kufika Jumatano jiwe lilikuwa limefifia tena. Ikawa ndiyo ibada ya Jumapili, miezi minane mfululizo.

"Shemeji, si umfiche huo waya?" nilimfokea.

"Nimeuficha. Anatumia mchanga."

"Ufiche na mchanga."

"Anatumia kucha," alisema.

Binti yao alipokuja kututembelea alikuta vidole vya mama yake vimefungwa plasta, vitano kati ya kumi. Alilia, halafu akasema waziwazi: mama ahamie kwake, ana chumba, na kuna muuguzi jirani.

"Hapa ananijua," shemeji alimjibu. "Muda wote akiwa ananijua, anakaa na mimi. Siku atakayoshindwa kunijua nitakuletea mwenyewe, sitangoja uniombe."

"Na vidole vyake, baba?"

Kwa vidole akatafuta njia. Ataling'oa jiwe, aweke vigae vyeupe vitupu, visivyo na hata kitone cha kuchambua. Nilidhani anatania. Mtu huyu alikuwa akilala na kuamka na lile jiwe, na sasa anataka kulitoa kwa patasi.

Alilitoa Alhamisi. Mimi na dada tulikaa mlangoni tukimtazama. Alikata gundi ya kingo kwa kisu, akapenyeza patasi, akainua polepole, na jiwe likapasuka kwenye tundu la sinki, mahali ambapo ni jembamba. Alisimama akivitazama vile vipande viwili, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu.

Dada aliinuka, akamletea glasi ya maji.

"Pole na kazi, fundi," alisema, kwa ile sauti yake nzuri ya wageni. "Ila fanya haraka kidogo. Mume wangu yuko njiani, na hapendi kukuta mwanamume ndani wakati hayupo."

Mimi nilicheka. Dada alikuwa mtani tangu zamani. Shemeji naye alitabasamu.

"Si ndiye mimi, mke wangu."

Dada alirudi nyuma akanishika mkono kwa nguvu. "Mwambie aende," alininong'oneza.

Shemeji alikunywa maji yote, akamrudishia glasi. "Sawa, mama. Nimeshamaliza." Akatoka kwa mlango wa jikoni. Dirishani nilimwona bombani, ananawa mikono, uso, nywele, anasugua vumbi mpaka shingoni. Alianua shati safi kwenye kamba, akalivaa na unyevu wake, akafunga vifungo vyote. Kisha akazunguka hadi mlango wa mbele.

"Hodi! Hodi humu ndani!" Ilikuwa ileile sauti ya kila jioni akitoka kazini.

Dada akang'aa uso mzima. "Huyo, amerudi!" Alinyoosha gauni, akajifuta mashavu kwa viganja, akakimbia, kweli alikimbia, akafungua mlango.

Akamtazama. Akatazama nyuma yake, barabarani, huku na huku.

"Fundi," alisema, "umesahau nini?"

Shemeji alinitazama mara moja tu.

"Nimesahau ndoo, mama."

Jumamosi tulimpeleka kwa binti yao. Shemeji alibeba masanduku, akamfungulia mlango wa gari, na dada akamshukuru. Nilipotaka kushuka ili akae naye nyuma, dada alining'ang'ania, kwa hiyo shemeji akaenda mbele, pembeni ya dereva. Tulikuwa tumeshatoka mtaani kwetu dada alipoinama mbele, akamgusa begani kwa ncha ya kidole.

"Fundi, mume wangu akirudi, mwambie nimekwenda wapi. Atahangaika."

"Nitamwambia," shemeji alisema, bila kugeuka.