Siku Mama Alipopigishwa Magoti

Mlio wa karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, ndio uliotuamsha kila asubuhi pale Runzewe, na vumbi lake jeupe lilituingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye majani ya mihogo, hata kwenye uji. Kiangazi kile nilikuwa darasa la sita. Mama yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kabula kwa jina langu, alikuwa akiosha mchanga uliosagwa pamoja na wanawake wenzake. Mchana mmoja nilimpelekea chakula nikamkuta amepiga magoti kwenye tope, kanga yake inakung'utwa mbele ya watu. Msimamizi, mzee Lugata, alisema ameficha dhahabu kiunoni. Hawakukuta kitu. "Haya, inuka uendelee na kazi," akamwambia. Wapo waliocheka, na wapo walioangalia pembeni. Mama alijifunga kanga, akapokea chakula, asile.

Kesho yake nilimuuliza mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana aliyewahi kusoma seminari, jambo kama lile linaitwaje. Aibu niliijua, lakini kwangu aibu ilikuwa ya aliyekosa, na mama hakuwa amekosa. Akaandika ubaoni "humiliation". Alisema limetoka katika neno la Kilatini, humus, yaani udongo, na hutumika mtu anaposhushwa hadhi, hasa mbele ya wenzake. "Ni kama kumshusha mtu hadi chini kwenye udongo," alisema. "Na unyenyekevu, 'humility', una mzizi huohuo. Ila mnyenyekevu hujishusha mwenyewe."

Jioni nilimweleza mama, naye akipepeta choroko. Alisikiliza hadi mwisho. "Na neno la kumwinua aliyeshushwa ni lipi?" akauliza. Sikuwa nimeuliza.

Jumapili baada ya misa Lugata alikuja nyumbani na sukari na sabuni. Mama alimwamkia shikamoo kama kawaida, akampa kigoda.

"Marahaba, Mama Kabula. Nimekuja tuyamalize."

"Hapa nyumbani hakuna aliyeniona nimepiga magoti, mzee. Njoo uyaseme kulekule karashani."

Aliondoka na sukari yake. Mama hakurudi kazini, na wenzake nao wakabaki majumbani. Mashine ziliendelea kusaga, mchanga ukarundikana bila mtu wa kuuosha. Mwishowe Lugata alituma watu wawaite, akasimama palepale kwenye tope, akavua kofia. "Mama Kabula hakuiba. Nilimkosea," alisema, na watu wote wakasikia. Mama akajibu, "Nimesikia," akainama kuosha.

Leo nafundisha Kiingereza Shinyanga mjini. Neno lile nalifundisha pamoja na udongo wake. Wanafunzi wanaandika "udhalilishaji" kwenye daftari na kusonga mbele. Hivi karibuni binti mmoja alivuliwa kitenge dukani, mtaani kwetu, akidhaniwa ameiba. Video yake ilifika hadi mji wa Isaka kabla hajajipangusa vumbi. Ilipojulikana hakuiba, mwenye duka alikubali kumwomba radhi mbele ya wote waliomwona. Lakini walioiona video, hakuna aliyejua ni akina nani, wala wako wapi.