Beki wa Kuazima

Mdogo wangu Vainqueur amecheza mechi kumi na moja za timu ya taifa, na katika karatasi zote za mpira hakuna mechi hata moja iliyochezwa na mtu wa jina hilo. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne hapa Fizi-Centre. Kazi yangu ni kueleza mambo hadi mtoto mgumu aelewe. Hili nimejieleza mwenyewe mara nyingi na bado sijaelewa.

Nianze mahali nilipokosea mimi, maana nyumbani kwetu kila mtu anapenda kuanzia mahali alipokosea mwenzake.

Tulikuwa tunakaa nje kidogo ya Baraka, na kambi ya wakimbizi wa Burundi ilikuwa imepanuka hadi ikagusa shamba letu la mihogo. Jirani yetu wa kwanza upande ule alikuwa Mama Renilde, mjane, mkulima hodari, mwenye mtoto mmoja wa kiume aliyeitwa Hatungimana. Hatungimana na Vainqueur walikuwa na miaka kumi na mitatu wote wawili, urefu mmoja, wembamba mmoja, na mchana kutwa walikuwa wakigombania mpira mmoja wa matambara.

Siku moja kipaza sauti kilipita kambini kikitangaza kwamba kesho yake watu wote wangehesabiwa na kupigwa picha. Asiyekuwepo kwenye mstari angefutwa. Mama Renilde akaja kwetu mbio, kitambaa cha kichwa kikiwa mkononi.

“Mama Arlette, mi nakufa,” alimwambia mama yangu. Arlette ni mimi. “Kesho banatuhesabu, na Hatungimana iko Misisi kwa mujomba yake. Mvula imekata barabara, ata pikipiki haipite.”

Mama yangu, Dorothée, si mtu wa kufikiri muda mrefu. Akamtazama Vainqueur aliyekuwa anakula, akamwambia jirani yake, “Wangu na wako beko sawa. Mukamate uyu. Lakini kesho mangaribi unamurudisha.”

Ndivyo watu wanavyoazimana kinu. Na mimi, niliyekuwa nimejifunza Kirundi sokoni, ndiye niliyemkalisha kwenye kiti usiku ule nikamfundisha.

“Bakiita Hatungimana, unajibu nini?”

“Niko hapa.”

“Apana! Mutoto ya Burundi akiitwa na mukubwa anajibu ‘Karame’. Rudilia.”

“Karame.”

Nilimfanya arudie mara ishirini. Nilijivuna sana, Mungu anisamehe, kwa sababu kesho yake alijibu bila kutetemeka, akapigwa picha, akabonyeza kidole kwenye mashine. Jioni Mama Renilde alimrudisha kama alivyoahidi, na mkononi alikuwa na bakuli la bati lenye maua, limejaa maharage. Kwetu Wabembe na kwao Warundi jambo hili ni moja: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mama akamimina maharage, akalijaza bakuli ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, akalirudisha. Tangu siku hiyo bakuli lile halikupumzika kati ya nyumba mbili.

Baada ya wiki mbili Hatungimana akarudi kutoka Misisi, akakuta jina lake lina uso wa mwingine. Mwanzoni alicheka. Wakubwa wakasema tusubiri kidogo, kwa maana kusema ukweli ni kujifungia mlango, mama na mtoto wangefutwa wote. Kila hesabu iliporudi, Vainqueur akaenda kusimama mstarini. Hatungimana alipoona hana kazi kambini hata ya kuhesabiwa, akarudi Misisi kuchimba dhahabu na mjomba wake. Akawa mtu mzima huko, bila karatasi yoyote mfukoni.

Sasa mpira. Vainqueur aliwekwa beki kwa sababu hakuwa na mbio. Baba yetu, Alphonse, mvuvi wa ziwa la pale Baraka tangu ujana, ndiye aliyemfundisha kucheza ingawa hajawahi kupiga mpira. “Samaki hafukuzwi,” alimwambia. “Unamuwekea wavu fasi atapita.” Basi Vainqueur akawa beki wa kungoja. Washambuliaji walimjia kwa madaha na chenga, yeye kasimama tu, na mwisho wao wenyewe walimletea mpira miguuni.

Alicheza katika timu ya vijana ya kambi, maana ndiko alikokuwa na kadi. Mwaka ule alipofika miaka kumi na minane, kocha mmoja wa Bujumbura alikuja kutazama mashindano. Hakumtazama mfungaji wa mabao matatu. Alimnyooshea kidole mdogo wangu akauliza, “Huyu ni nani?” Kambi nzima ikajibu kwa sauti moja: Hatungimana. Nani angesema vingine?

Niliogopa. Baba ndiye aliyekata shauri, akiwa anashona wavu. “Jina ni shati,” alisema. “Atavaa uko, akirudia huku atavua.” Waswahili walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini nani angemwambia mzee huyo siku mtoto wake anapata kilabu?

Msimu wa kwanza alikaa benchi. Wa pili alijifunga bao katika mechi ya watani, na kwa wiki nzima hakutoka nje kununua hata mkate. Akavunjwa pua. Ikapona upande, na nadhani ilimsaidia, maana washambuliaji walianza kumwogopa. Msimu wa tatu wakampa kitambaa cha unahodha. Kisha timu ya taifa ya Burundi ikamwita, namba nne, jina HATUNGIMANA mgongoni kwa herufi kubwa. Akapiga simu, nikamwuliza, “Unasikia aje?” Akaniambia mimi dada yake mkubwa, “Yaya, bakiimba wimbo wa taifa ninalia. Kisha ninajiuliza mi ninalia juu ya nini.”

Ikaja mechi ya Burundi na Kongo.

Tulikwenda kuitazama Baraka mjini, katika ukumbi wa video karibu na soko, Jumamosi alasiri. Nusu ya ukumbi walikuwa Wakongomani, nusu watu wa kambi. Sisi tulikaa upande wetu, na sikujua upande wetu ni upi. Kongo wakishambulia, moyo wangu unapanda. Vainqueur akiwazuia, unapanda tena. Nilichoka kama niliyelima. Zikiwa zimebaki dakika kumi, mshambuliaji wetu wa Kongo akatoroka peke yake. Vainqueur akateleza kwenye majani, akautoa mpira safi, bila kumgusa mtu. Upande wa kambi wakalipuka: “Hatungimana! Hatungimana!” Na upande wa Kongo mtu mmoja tu aliruka juu ya benchi akipiga kelele: baba yangu.

Jirani yake akamgeukia kwa hasira. “Mzee Alphonse, unashangilia nani?”

Baba akaketi polepole. Alitazama mikono yake. “Sijue,” alisema.

Mechi iliisha bila bila, na nilishukuru.

Siku ya tatu baada ya mechi mwanamume mmoja aliingia uani kwetu, mabega mapana, matope mekundu ya Misisi hadi magotini. Mama alikuwa anapepeta unga. Akamsalimu kwa heshima, kisha akasema, “Mama, nakuya kuchukua jina yangu.”

“We ni nani?”

“Mi Hatungimana.”

“Hatungimana iko Bujumbura anacheza mupira,” mama alijibu. Akasikia alichokisema mwenyewe. Ungo ukamtoka mkononi.

Nilimkalisha yule kijana, nikampa maji. Akatueleza bila kugomba, na ningependa angegomba. Mama yake aliandikwa kurudi Burundi. Bibi yake huko Makamba alikuwa mgonjwa sana na alimtaka binti yake huyo arudi. Lakini Mama Renilde alipotaja mtoto wake, mwandishi wa ofisi ya wakimbizi alitazama mashine akamwambia, mtoto wako alisharudi zamani, mama, tena anachezea taifa, hongera. Wote ofisini wakampigia makofi.

“Mama anasema bila mi haende,” Hatungimana alituambia. “Na bibi hatangoja. Mi sitaki ubaya na Vainqueur. Nilimuona kwa televizio Misisi, nikaambia bantu, uyo ni mi. Bakanicheka. Sasa ninaomba tu, mi nami nikuwe muntu.”

Hapo mama yangu aliwaka. “Nilimuazimisha siku moja tu! Siku moja! Sasa mutavunja maisha ya mutoto wangu juu ya siku moja?” Akaingia ndani akafunga mlango. Baba alisema labda liko shauri la katikati, nikamwuliza lipi, akasema hajui, ila labda liko. Nami nilimkasirikia mama, nikamkasirikia baba, nikamkasirikia Hatungimana kwa upole wake. Hasira kubwa zaidi ilikuwa juu ya binti yule wa zamani aliyemkalisha mtoto kitini na kumfanya arudie mara ishirini.

Nilimpigia simu Vainqueur. Nilimweleza yote. Akaniuliza, “Yaya, lile jina niliiba ao mulinipatia?” Kisha, bila kungoja jibu, akasema, “Nitakuya.”

Alikuja kwa barabara ya Uvira. Yeye na Hatungimana walikaa juu ya mtumbwi wa baba uliopinduliwa ufukweni tangu asubuhi hadi jua la utosini. Sijui walisema nini. Niliona tu wakicheka mara moja, kisha mmoja akaweka mkono begani mwa mwingine. Mama alisimama mlangoni akiwatazama.

“Vainqueur,” alimwambia aliporudi, “ukienda kule ofisini, mupira umekwisha. Unajua?”

“Ninajua, mama.”

“Basi juu ya nini unaenda?”

“Mama, mi ni beki. Kazi yangu ni kusimama fasi yangu. Ile haiko fasi yangu.” Akafikiri kidogo, akaongeza, “Lakini sijue yangu iko wapi.”

Kesho yake waliingia ofisini wote wawili. Vainqueur akaweka kidole kwenye mashine, picha yake ya utotoni ikatokea, akasema, “Uyu ni mi, na jina haiko yangu.” Mwandishi alifikiri ni mzaha. Aliwatoa nje, akawaita tena, akamwita Mama Renilde, akamwita na mama yangu. Mama alikwenda. Aliapa kwa sauti ndogo kwamba yule mrefu mwenye pua iliyopinda amemzaa yeye.

Ilichukua wiki sita. Kilabu kilimwachisha kwa barua ya mistari minne. Wakuu wa mpira wakamfungia miaka miwili, na hata akimaliza, Burundi si ya kwake tena. Kwa Kongo pia mlango umefungwa, kwa kuwa mtu hachezei mataifa mawili. Ana miaka ishirini na miwili. Timu ya Baraka walimwambia watamsubiri adhabu iishe, wakamwuliza waandike jina gani kwenye jezi. Mpaka leo mahali pa jina pako wazi.

Kuna watu hapa Fizi wanaomwita mjinga, na wengine wanaomwita mtakatifu. Nikiwasikia wote wawili nakubaliana nao.

Asubuhi ya safari, basi la wanaorudi lilisimama barabarani karibu na shamba letu. Mama Renilde alishuka njia ya migomba na mwanawe nyuma yake. Mkononi alikuwa na lile bakuli la maua, rangi imebanduka pembeni, limejaa maharage. Alisimama mbele ya mama yangu. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ya ofisini.

“Mama Arlette,” alisema, “uliniambia mangaribi. Nimekawia miaka tisa. Nakurudishia mutoto.”

Mama alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Akamimina maharage kwenye ungo. Kisha akabaki na bakuli tupu, akageuka huku na huku. Ndagala hawakuwepo, wavu wa baba ulikuwa umechanika wiki nzima. Mihogo ilikuwa bado majini. Basi likapiga honi. Nilimwona mama yangu anasita, mwanamke asiyejua kusitasita, kwa sababu hakuwa na kitu cha kutia ndani ya chombo cha watu.

Vainqueur akaingia nyumbani. Alitoka na jezi ya taifa, namba nne, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Akaitia ndani ya bakuli, herufi zikiwa juu.

Hatungimana aliitazama. Aliivaa palepale juu ya shati lake, ikamkaa sawa, akamchukulia mama yake mzigo, wakapanda njia ya migomba. Tuliona jina lile likienda, likipanda ngazi za basi, likiingia. Watu ndani ya basi wakapiga makofi, sijui kwa nani.

Vumbi lilitulia. Baba akarudi kwenye wavu wake. Mama, bado ameshika ungo, akaita, “Vainqueur, kuya ule.”

Hakugeuka. Alikuwa anatazama barabara. Mama akaita tena kwa sauti zaidi, na tena hakugeuka. Nikafungua mdomo nimwite mimi, nikakosa jina la kumwita, maana lile analolisikia lilikuwa limeshaondoka na mwenyewe. Nikamsogelea, nikamgusa bega.

“Karame,” akasema.