Dirisha la Upande wa Korongo

Dirisha la chumba cha nyuma kwa mzee Sylvère lilikuwa na ukaidi wake. Ukilifungua, linajifunga. Ukilifungua tena, linarudi polepole, kama mtu amelisukuma kwa kidole. Mwanzoni Sylvère alilipaka mafuta. Kisha akalitia kulabu, kulabu ikang'oka. Mwishowe akaleta bawaba mpya kutoka madukani Bwiza, akazifunga huku akilitukana lile dirisha matusi ambayo mwanakwaya hapaswi kuyajua. Likajifunga.

Sasa, Sylvère hakuwa mtu wa kushindwa na mbao mbili. Alikuwa fundi mwashi, tena si wa kubahatisha. Amejenga mtaani Rohero mpaka amezeeka, na wenzake walimwogopa kwa sababu ya timazi yake, ile kamba yenye kipande cha shaba inayoonyesha kama ukuta umesimama wima. Aliining'iniza kwenye kuta za watu na kusema bila haya, "Bomoa hii, imelala." Na alijua kuliko yeyote pale mtaani kwao Gasenyi kwamba dirisha linalofungukia ndani likianza kujifunga lenyewe, bawaba hazina kosa. Ni ukuta unaoinamia nje.

Nje ya ukuta ule palikuwa na korongo. Alipojenga, korongo lilikuwa mbali, na mkewe Dorothée alilima maharagwe hapo katikati. Mvua za miaka hii zimekula maharagwe, zikala choo cha jirani yao Honoré, na sasa ukingo ulikuwa umefika karibu na msingi. Chini ya dirisha hilo alilala Mélissa, mjukuu wao wa miaka sita, binti wa mwana wao Bonfils.

"Baba Bonfils," Dorothée alimwambia tena jioni moja, "si uweke ile timazi yako hapa? Mara moja tu."

"Apana! Hii nyumba nilijenga na mikono yangu. Ni bawaba ndiyo mubaya. Fundi ni mi ama ni we?"

Kinyozi hajinyoi, na huyu hata kioo hakutaka kukiona. Kusema kweli aliogopa. Timazi haina upendeleo, na kama ingesema ukuta wake umelala, basi angekuwa mzee asiye na nyumba, anayeomba chumba kwa shemeji yake kule Bwiza. Ile methali ya ufa na ukuta hakuna aliyethubutu kuitaja mbele yake.

Dorothée hakubishana. Siku chache baadaye alihamishia godoro la Mélissa sebuleni, akasema mbu wamezidi kule nyuma. Sylvère alinuna. Mtoto ana chumba chake, alisema, anafukuzwa na mbu gani? Lakini godoro lilibaki sebuleni.

Kisha mvua ikanyesha usiku kucha na asubuhi haikukoma. Mélissa alikuwa anakunywa uji. Sylvère akaingia chumba cha nyuma na jiwe mkononi, tayari kulishikiza dirisha. Akalivuta. Lilikwaruza, likafunguka, likatulia. Akasubiri. Halikurudi.

"Mama Bonfils! Kuja uone! Imekubali!"

Dorothée alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia. Ili kumringia, Sylvère akalisukuma lifungike, alifungue tena mbele yake. Halikusogea. Akaliwekea bega. Wapi! Ndipo alipoinua macho. Fremu yote ilikuwa imejikunja na kuzibana bawaba, na juu yake ufa ambao jana ulikuwa mwembamba kama uzi sasa ulipitisha mwanga. Punje za udongo zikamdondokea shingoni. Jiwe likamtoka mkononi.

"Toka," alisema, na sauti haikuwa yake. "Beba mutoto. Toka!"

Alidhani mkewe ataanza kuhangaika na vyombo. Dorothée akaingiza mkono nyuma ya mlango wa sebule, akatoa furushi lililokwisha kufungwa, akamshika Mélissa, na wote watatu wakawa barabarani, mvuani. Ukuta wa nyuma haukupiga kelele nyingi. Ulishuka kama mtu aliyechoka anayekaa chini, na chumba kile kikaenda nao.

Dorothée alifungua furushi, akampa timazi yake. Sylvère akaitazama. Kamba ilikuwa na fundo ambalo si lake.

"Ni nani alifunga hivi?"

"Ni mi. Ile siku ulienda kwaya. Nikaiweka kwa ukuta, nikaona."

"Na ukanyamaza?"

"Kila siku nilikuomba uiweke. Ningekuambia nimeona, ungenisikia? Nilitoa mutoto kwanza. We, nilikuwa nangoja uone mwenyewe."

Sylvère alilia pale pale, mbele ya majirani waliokuwa wanatoka kutazama, na hakujali. Aliona aibu, na aliona jinsi alivyopendwa, na hakujua kipi kinamuuma zaidi. Alipojifuta uso aliiona nyumba iliyofuata ukingoni, ya Honoré. Dirisha la ubavuni lilikuwa limeshikizwa kwa tofali.

Akaizungusha kamba kiganjani, akaenda kubisha hodi.