Sabuni Kwenye Mfuniko wa Tangi

Juzi nilikuwa Bomang'ombe, kwenye uwanja mmoja wanakouza vyuma vilivyochoka, nikitazama pikipiki ya matairi manne ambayo kijana muuzaji aliapa kwamba ni nzima kabisa. "Dada yangu, haina ugonjwa," alisema. "Inazima tu." Nikamwambia hata marehemu babu yangu hakuwa na ugonjwa, alizima tu. Kisha nikafungua mfuniko wa tangi, na tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amebanwa pua. Ikanijia ile harufu ya petroli iliyochanganywa na oili. Ilibidi nishike usukani, rafiki yangu, maana ghafla nilikuwa na miaka tisa tena.

Likizo zangu zote za utotoni zilikuwa Rombo, juu ya mji wa Mkuu, kwa bibi, kwenye kihamba, shamba la ukoo nililolijua kwa hesabu. Migomba niliihesabu, nikairudia kutokea upande wa pili kuona kama hesabu ya kwanza ilinidanganya. Kuku niliwahesabu asubuhi na jioni. Bibi alisema nikifika mbinguni nitahesabu malaika mara mbili, nisije nikapunjwa.

Wiki za kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, ndizo nilizozipenda. Ndizi mbivu zilichemka tangu alfajiri, nyuki wakajaa mlangoni, na uji wa ulezi ulioota ukaupa ua mzima harufu ya uchachu mtamu. Kazi yangu ilikuwa kusugua madumu. Bibi akishajaza, aliviringisha jani kavu la mgomba, akaliweka mdomoni mwa dumu na kulibonyeza kwa vidole viwili tu, taratibu. "Chombo lazima kipumue," alikuwa akisema. "Ukikinyima pumzi, kitaitafuta chenyewe." Nimelisikia hilo labda mara mia. Kusikia si kuelewa.

Mwaka ule baba mdogo alikuwa anaposa. Mara mbili tulikuwa tumepanga kupeleka mbege kwa wakwe, na mara mbili tukashindwa: kwanza kwa msiba, kisha kwa mvua. Wakwe wakatuma neno kwamba ya tatu ni ya mwisho. Mbege iwe imefika kabla jua halijasimama utosini, la sivyo wazee watainuka, na wakishainuka, binti haposwi tena na sisi. Baba mdogo hakulala nyumbani siku mbili. Alikwenda kukaa kulekule kwa wakwe, kama dhamana.

Barabara ilikuwa imeliwa na mvua, gari halipandi. Ndipo bibi akamwomba jirani yetu, aliyekuwa na pikipiki ya matairi manne yenye tela dogo. Aliinunua kwenye shamba la kahawa kule chini, injini ya tustroki, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, inayolia kama mbuzi aliyemeza debe na kutoa moshi wa bluu unaofukuza hata mbu. Watoto tuliipenda kupita kiasi.

Asubuhi ya safari niliambiwa niifute. Nikaona kwenye mfuniko wa tangi kuna kitundu kidogo, na petroli ilikuwa ikiruka nje kupitia humo kila mashine ilipotikiswa. Bibi angekaa nyuma ya dereva, na kitenge chake cha kanisani. Nikamega sabuni ya mche, nikaikanda, nikaliziba nayo tundu lile na kuilainisha kwa kidole gumba hadi isionekane. Nilikuwa nimeona mafundi wakiziba matangi yanayovuja kwa sabuni. Sikumwambia mtu. Nilijiona mtoto wa maana sana.

Tukaondoka: jirani mbele, bibi nyuma yake, mimi kwenye tela nimekumbatia madumu mawili. Niliyahesabu. Mawili. Baadaye kidogo, bado mawili.

Kona ya nne, injini ikazima. Haikukohoa, haikuaga.

Jirani akashuka, akafungua mfuniko, akatikisa tangi. Petroli ipo. Akafunga, akapiga kiki mbili, ikawaka. "Ilikuwa inafikiri," akasema. Tukaenda kona nne nyingine. Ikazima.

Safari hii akachomoa plagi. Nyeusi. Akaisugua kwa msasa, akaigusisha kwenye chuma, cheche ikaruka ya bluu safi. Akairudisha, akapiga kiki. Nikahesabu ishirini na tatu, na shati lake likawa limelowa. Akafungua tena mfuniko, akachungulia, akafunga, kiki mbili, ikawaka. Kona nne. Ikazima.

"Mangi," bibi akamwambia jirani kwa jina la heshima, "hii mashine inatupeleka kwa mafungu?"

"Mama, haijazoea wakwe," jirani akajibu, lakini hakucheka. Bibi alitazama juu. Kivuli cha mgomba ulio karibu nasi kilikuwa kimefupika, na mimi nilikuwa nakipima kwa nyayo: nyayo tano, kisha nne na nusu.

Kiki zikaanza tena. Zilipofika kumi, jirani akavua shati, akalitandika kwenye majani, akatoa spana. "Ni kabureta," akasema. "Naifungua yote."

Hapo hesabu zangu za kichwani zikakataa kunyamaza. Kona nne, kona nne, kona nne. Kiki nyingi bila kufungua mfuniko: bure. Kufungua mfuniko: kiki mbili. Nikarudia hesabu nikiomba ikosee. Haikukosea. Nikaiona sabuni yangu pale juu, imelala laini, hakuna pumzi inayopita, na bila pumzi petroli haishuki. Na kabureta ikishafunguliwa pale matopeni, skrubu ndogo kama punje za ulezi, hatufiki leo.

Lakini kusema? Mbele ya bibi? Baba mdogo akose mke kwa ajili ya sabuni yangu? Pembeni mwa njia kulikuwa na ua wa masale, yale majani marefu yanayopandwa kwenye mipaka. Kwetu, aliyekosa akimletea sale mtu aliyemkosea, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nilikuwa nimeona watu wazima wakifanya hivyo kwa mambo ya mashamba na damu. Nikachuma moja, nikamwendea bibi, nikampa kwa mikono miwili.

Bibi akalitazama jani, akanitazama mimi. "Yesu na Maria! Umeua nani?"

"Sabuni," nikasema, na machozi yakamaliza maelezo. Nikanyoosha kidole kwenye mfuniko.

Bibi akaufungua. Fyuuu. Akaisikiliza ile sauti kama anavyosikiliza dumu lake, akachomoa pini ya kwenye kilemba, akatoboa tundu na kuutupa ule uchafu wa sabuni mferejini. "Mbege ikizibwa inapasuka," akasema, "na hii ikizibwa inazimia. Chombo ni chombo."

Jirani alisimama na spana mkononi, vidole vimechubuka. "Mama, huyu mtoto…"

Bibi akainua jani. "Sale limeshatoka."

Jirani akafunga mfuniko. Akapiga kiki. Ikawaka, na kona ya nne ikapita, ya tano, ya kumi. Mimi sikuacha kuhesabu mpaka getini kwa wakwe.

Tulikuta wazee wamesimama, fimbo mkononi, na baba mdogo uso wake rangi ya majivu. Bibi akashuka, kitenge kimejaa madoa ya petroli niliyotaka kuyazuia, akamwendea mzee mkubwa wa ukoo, akamsalimia, akamnyooshea jani. Lilelile. Mzee akalipokea, akalinusa. "Mbona linanuka petroli?"

"Meku, mzee wangu, limesafiri," bibi akajibu.

Wakakaa. Jani moja, msamaha mara mbili. Katika maisha yangu ya kununua na kuuza sijapata kuona bei nzuri kama ile.

Bibi hakumwambia mtu kamwe, na jirani pia hakusema, ingawa kila nilipopita kwake aliniuliza kama nimeshaoga na sabuni gani. Wote wawili wamelala kwenye vihamba vyao sasa. Kule njiani wamejenga ukuta wa matofali palipokuwa na ule ua wa masale, na mbege huletwa kwenye chupa za plastiki zilizokazwa vifuniko.

Pale Bomang'ombe nilibishana na kijana hadi akashuka bei, akashuka tena, tukapeana mikono. Ndipo nikachomoa sindano kwenye mkoba, nikazibua tundu la mfuniko mbele yake, nikapiga kiki mbili. Mashine ikalia. Akainama kuutazama mfuniko.

"Dada," akasema, "ulikuwa unajua."

Ilikuwa kweli, na aibu ikanishika kuliko nilivyotarajia. Nikageuza shingo huku na huku nikitafuta sale. Nikageuza tena, maana huwa natazama mara mbili. Kulikuwa na matairi, mabati na ukuta tu.