Fundi wa Boti za Mpira

"Mashine ya nguvu za farasi arobaini kwenye kiboti cha mpira? Nyuma itazama, pua iangalie mbinguni!" fundi alimwambia mkwe wangu.

Mkwe akang'aka. "Na wewe umemfungia mke wangu kimashine cha kusagia nyanya! Hatarudi leo."

Binti yangu alikuwa majini peke yake, akikijaribu. Mimi huyu fundi namjua. Boti huiminya kwa dole gumba kama anayechagua parachichi, kisha hupitisha kidole kwenye ncha za propela akiinong'oneza. Mkono wake hautetemeki. Naapa, aliwahi kukaza nati huku nyuki hamsini wakimtembea usoni.

"Tulia, bwana mdogo," alisema kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Mashine ndogo, propela ya mapanga mapana. Itasukuma taratibu, lakini itasukuma."

Ila spana ilishamtoka mkononi mara mbili, na nati aliyokuwa akiifuta iling'aa zamani. Mkwe alipofumbua kinywa amtukane, mlango wa karakana ukasukumwa. Binti yangu akaingia, gauni kavu mpaka kwenye pindo.

"Mbona mmenuna? Nimefika ng'ambo na kurudi."

Fundi aliketi chini, pale pale kwenye oili iliyomwagika.