Dume la Ukutani kwa Mama Ochieng

Niseme mapema: nilitoka Homa Bay na kiburi kimenijaa. Kampuni yetu ya matangazo ilikuwa imechora kuta za barabarani kutoka huku hadi mpakani mwa Narok, kutangaza dawa ya kunyunyizia ng'ombe, ile ya kuua kupe. Mchoro ulikuwa wangu: dume jeusi lenye shingo nene, na maneno makubwa NGUVU ISIYOLALA. Mkubwa wetu, Bi Adhiambo, alitaka nikaulize kama watu wanaliona tangazo, maana mwenye dawa alikuwa anasitasita kuendelea nasi. Swali gani hilo! Nikawasha pikipiki.

Asubuhi nilisimama Rodi Kopany kwa Abdi, mwenye duka la dawa za mifugo. Ni mtu wa Isiolo, lakini amekaa huku mpaka anatania wateja kwa Kijaluo.

"Karibu, msanii! Hiyo dume yako imekuwa maarufu, bwana. Watoto wa shule wanaipigia saluti."

"Na dawa inauzika?"

"Dawa iko. Nimeipanguza vumbi jana."

Nilicheka. Nikajiambia wenye maduka hawakosi la kulalamikia.

Kutoka Rongo hadi Uriri mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Kila shamba lilikuwa na jozi ya maksai na mtu nyuma yao akipiga mluzi, kwa sababu anayechelewa kulima msimu huu atakula mahindi ya kununua.

Mchana niliingia soko la mifugo la Ogwedhi. Kila niliyemuuliza alikuwa ameliona tangazo. Kila mmoja! Wachungaji wawili walikaribia kugombana.

"Hiyo si ng'ombe ya huku. Angalia nundu. Hiyo imetoka Tanzania."

"Tanzania gani? Hiyo nimeiona Kilgoris."

Dalali mmoja akanivuta kando. "Mwenyewe ni nani? Mwambie niko na bei nzuri."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Hapo hapo nikampigia Bi Adhiambo. "Madam, tumeshinda!"

Alasiri nilifika kwa Mama Ochieng, mjane ambaye nyumba yake inatazama barabara. Kazi yetu huenda hivi: tunakupakia rangi ukuta mzima bure, nawe unatuachia tangazo. Alinipa kiti na kikombe cha uji.

"Mama, hii picha huwa unaiona?"

"Nyathina, mwanangu, naamka nayo, nalala nayo. Lakini watu wananisumbua. Wanapiga hodi wanauliza nyama."

"Nyama?"

"Eeh. Si ni tangazo ya buchari?"

Nikacheka tena. Yeye hakucheka. "Kwa vile wewe ni mtu wa ng'ombe," akasema, "kuja uniangalilie yangu."

Nyuma ya nyumba, maksai wake mmoja alikuwa amelala ubavu. Tezi za chini ya masikio zilikuwa zimevimba, anahema kwa shida, na masikioni kupe wamejaa kama njugu. Mwenzake alisimama karibu, hali majani. Nilimpigia simu daktari wa mifugo kule Uriri, naye akaja upesi, akadunga sindano, kisha akatikisa kichwa.

"Ndigana, ugonjwa wa kupe. Mmeniita mmechelewa. Kwani hamnyunyizii?"

"Ninyunyizie na nini?" Mama Ochieng akauliza.

"Na hiyo iliyochorwa kwa nyumba yako, mama. Hiyo ni dawa ya kupe."

Mama akazunguka mbele kuutazama ukuta wake. Sikuweza kumfuata. Nilibaki na yule maksai. Mchoro wa kwanza ulikuwa na kupe na bomba la kunyunyizia. Nilivitoa mimi. Nilimwambia Bi Adhiambo kwamba kupe anaharibu picha, kwamba mtu akipenda dume atatafuta dawa mwenyewe. Jina la dawa nililishusha chini kabisa, kwa herufi ndogo, na matope ya mvua yalikuwa yamelifunika.

Nililala Uriri. Asubuhi nilirudi nikakuta maksai amekufa, na majirani wanamchimbia shimo. Mama Ochieng alikuwa amemfunga kamba yule aliyebaki, wala hajui ampeleke wapi, maana maksai mmoja halimi.

"Pole sana, Mama."

"Asante. Ni wewe ulichora?"

"Ni mimi."

"Na ulikuwa unajua ni dawa ya kupe?"

"Nilijua, Mama."

"Sasa si ungeandika tu hivyo?"

Hakuwa na hasira. Laiti angenitukana.

Njia yote ya kurudi sikusimama popote. Macho hayana pazia; ukipaka ukuta rangi kando ya barabara, mtu ataona tu, atake asitake. Mimi nilikuwa nimekwenda kuuliza watu kama wana macho.

Jioni, Homa Bay, wenzangu walinipokea kwa makofi, kwa sababu ya ile simu ya sokoni. Bi Adhiambo akaomba niwasimulie. Nikaanza na watoto wa saluti, wakacheka. Nikaja kwa dalali, wakashikana mabega kwa kicheko. Nilipofika kwa Mama Ochieng, na swali lake, nikaketi mbele yao wote nikilia.