Jino la Mbele na Chai ya Ofisi ya Walimu

Jino lililonitesa lilikuwa la mbele, la juu, upande wa kulia, mahali ambapo mtu akikusalimia tu ameshaliona. Lilianza kama kidoa cheusi nikiwa chuo cha ualimu. Kufikia mwaka wangu wa pili wa kufundisha, kwenye shule moja ya msingi huko Manga, katikati ya miaka ya sabini, lilikuwa na tundu la kutosha kuficha punje ya wimbi. Maumivu hayakuwa makubwa. Kilichonichosha ni aibu.

Nilizoea kusema nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono wa kushoto. Sikujua nimezoea kiasi gani mpaka asubuhi moja nilipokuwa nikifundisha darasa la kwanza kusoma. Nikasema, "Ba, be, bi." Darasa zima likainua mikono ya kushoto, likaziba midomo na kujibu, "Ba, be, bi." Walidhani ndivyo Kiswahili kinavyosemwa. Kwao kilikuwa lugha ya shule tu, nyumbani ni Ekegusii, na mfano waliokuwa nao ni mimi.

"Toeni mikono mdomoni!" nikawakaripia, mkono wangu mwenyewe ukiwa bado palepale.

Nilikuwa sijaolewa na nilikaa kwa mama, mjane aliyelima chai na ndizi kwenye mteremko ulio chini ya shule. Nilipomwambia nataka kutibiwa, hakuinua hata macho kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua.

"Ling'oe. Mimi nimeng'oa manne na bado nakula."

"Mama, yako yalikuwa ya nyuma. Hili ni la mbele."

"Jino ni jino."

Nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda Kisii mjini. Pale hospitalini nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka karibu saa nane. Mtu wa meno, bwana mnene mwenye koti jeupe, alinitazama mdomoni kwa muda mfupi kuliko alioutumia kutazama foleni nyuma yangu.

"La mbele? Hili halichukui hata dakika mbili," akasema, na mkono tayari uko kwenye koleo.

Nikafunga mdomo. "Nataka lizibwe."

"Tunaziba ya nyuma, kwa madini ya rangi ya fedha. Nikikuwekea hayo mbele utaonekana kama umeuma sarafu. Wewe ni mwalimu, watoto watacheka."

"Na pengo hawatalicheka?"

Akaweka koleo chini. Nadhani sikuwa mgonjwa wake wa kwanza kubisha. "Kuna daktari mgeni anayefika hospitali ya misheni kule upande wa Nyamira. Ana dawa mpya, nyeupe kama jino lenyewe. Nenda Jumanne ya pili."

Jumanne ya pili ilipofika nilishuka kwa miguu tangu alfajiri, sketi ikalowa umande mpaka magotini. Bawabu wa lango akaniambia daktari alikuwa hapo Jumanne iliyopita. Alikuwa akija Jumanne moja, anaruka moja. Basi nikahesabu upya, nikarudi baada ya wiki moja. Siku hiyo daktari alikuwepo, lakini jenereta ilikuwa imekufa na bila umeme mashine ya kutoboa haikuzunguka. Nikamkuta fundi amelala chali chini ya jenereta, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaiuliza ile miguu itachukua muda gani. Ikanijibu, "Leo leo." Nilingoja mpaka saa tisa, kisha nikapanda mlima kurudi nyumbani, na mvua ikanikuta njiani.

Mama alikuwa mlangoni. "Limetoka?"

"Bado."

"Kule Kisii lingeshatoka."

Safari ya tatu nikafaulu. Daktari alikuwa Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili Tanzania, nacho kilinyooka kuliko changu. "Karibu dada, keti hapa, pole kwa usumbufu," akasema. Mimi niliyekuwa nikisahihisha madaftari ya Kiswahili kila jioni nikajikuta nimeanza kutafuta ngeli huku nusu ya mdomo imekufa ganzi kwa sindano yake.

Alitoboa mpaka akaondoa weusi wote. Kisha akaniongoza dirishani, akashika kijikadi chenye meno madogo ya bandia yaliyopangwa kutoka jeupe mpaka la manjano, akawa anayalinganisha na langu moja moja. Sikujua kwamba weupe una aina nyingi hivyo. Akachagua la tatu. Akapaka jino asidi kidogo ili dawa ishike, akaosha, akakausha. Kisha akachota dawa mbili kutoka kwenye vikopo viwili, akazikoroga upesi juu ya karatasi na kuzishindilia tunduni.

"Usimeze mate, usiongee, usicheke," akasema. "Ikikutana na mate haitashika, tutaanza upya."

Baada ya safari tatu, nisingecheka hata kama angepiga mwereka. Dakika chache tu, dawa ikawa ngumu kama jiwe. Akaisugua, akanipa kioo. Nililitafuta tundu kwa ulimi na kwa macho, nikalikosa. Nikacheka pale kitini kama mtu aliyerukwa na akili.

Nyumbani nikasimama mbele ya mama, meno nje.

"Sasa wamefanya nini?" akauliza.

"Wameziba."

"Wapi?"

"Hapa!"

Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga. "Mimi sioni kitu."

"Ndiyo maana yake, mama! Halitakiwi kuonekana."

"Umepanda na kushuka mlima huu mara tatu kwa ajili ya kitu kisichoonekana," akasema, akarudi kwa ndizi zake. Hakuna mtu mwingine aliyeligundua pia, hata walimu wenzangu. Wiki nzima nilicheka bila sababu, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Hapa lazima niseme jambo la kanisa letu. Sisi tulikuwa Waadventista, na kwa mama hilo lilimaanisha hakuna chai wala kahawa nyumbani mwake. Tulipanda chai. Tuliichuma mpaka vidole vikawa vyeusi, tukaibeba kwa vikapu hadi kituo cha kununulia majani. Lakini kuinywa ilikuwa dhambi. Na mimi, kila siku saa nne, katika ofisi ya walimu, nilikuwa nikinywa vikombe viwili vya chai ya rangi, tena kali. Mama hakujua, na sikuona sababu ya kumwambia.

Hata mwaka haukuisha kabla sijaona kwenye kioo kwamba jino limebadilika. Si lote. Ile sehemu ya dawa tu, yenye umbo la mwezi mchanga, ilikuwa imegeuka rangi ya majani makavu. Nikasugua kwa chumvi, nikasugua kwa majivu. Wapi!

Wakati huohuo gego la mwisho la mama likaanza kumuuma. Baada ya siku nne za kushika shavu akasema, kana kwamba wazo ni lake, "Twende kwa yule wa kwako."

Daktari akaling'oa vizuri, akamjaza pamba. Kisha akanigeukia. "Na wewe dada, hebu nione kazi yangu." Nikafungua mdomo. Akatikisa kichwa. "Aa. Unakunywa chai sana, sivyo?"

Nikamkonyeza. Hakuelewa.

"Chai ya rangi," akaendelea kwa sauti ileile ya upole inayosikika chumba kizima. "Dawa hii hunyonya rangi kuliko jino lenyewe. Vikombe vingapi kwa siku? Viwili? Vitatu?"

Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, lakini neno chai alilijua tangu siku aliyopanda mche wa kwanza. Alinitazama juu ya lile shavu lililovimba. Hakuweza kusema kwa sababu ya pamba, na nilimshukuru Mungu kwa pamba ile. Daktari akalisugua jino likang'aa, akanionya kwamba rangi itarudi nisipoacha.

Tulipanda mlima, yeye mbele, mimi nyuma. Karibu na nyumbani mama akasimama, akatema pamba vichakani.

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kufundisha. Mama, lakini sisi ndio tunaoipanda!"

"Kuuza si kunywa."

"Kwa hiyo ni dhambi ya wanaoinunua?"

"Utaenda kumweleza mzee wa kanisa," akasema, "uone kama utambishia yeye."

Sabato iliyofuata akanipeleka mwenyewe, baada ya ibada, akanisimamisha mbele ya yule mzee, mtu mkali ambaye hatukuwahi kumwona akitabasamu. Nikasema yote: vikombe viwili, saa nne, jino kugeuka rangi. Mama akaongeza kwamba ni ya rangi, tena kali. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Nionyeshe hilo jino," akasema.

Nikamwonyesha. Akalitazama kwa muda mrefu, akasogea karibu. "Liko wapi lililozibwa?"

"Hili hapa."

"Hiyo dawa nyeupe," akauliza polepole, "daktari bado anayo?" Kisha akainua mdomo wake wa juu kwa kidole. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameliwa katikati, meusi tititi. Kumbe miaka yote ile hakuwa mkali. Alikuwa anaficha meno.

Mama alivuta pumzi mpaka nikadhani atapasuka. "Na chai?" akauliza.

"Aache chai," mzee akasema upesi. "Bila shaka aache. Sasa mwalimu, huyo daktari huja Jumanne zipi?"

Nikamweleza kwa makini, Jumanne moja, kuruka moja, na aulizie jenereta kwanza. Mama hakungoja nimalize. Nilimwona akishuka njia ya nyumbani peke yake, kitambaa cha kichwa kimelegea, akiongea kwa sauti na hewa.